Mfereji wa Kitongoji cha Chini

Paukwa!

Pakawa.

Mmekaa?

Tumekaa.

Moto unawafikia wote?

Unatufikia.

Basi aliye karibu na kuni asukume gogo moja ndani, maana hadithi ya leo ina baridi yake. Siyo ya kuchekesha. Anayetaka ya kuchekesha aje kesho.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanaelewana maneno, palikuwa na kijiji milimani kikiitwa Ruvuko. Kijiji hicho kilikuwa na vitongoji viwili, cha Juu na cha Chini. Huko Juu kulikuwa na ndiva, yaani bwawa lililochimbwa kwa mikono, ambamo maji ya chemchemi yalikusanyika usiku kucha yakisubiri kufunguliwa asubuhi. Kutoka kwenye ndiva mifereji iliteremka mashambani, na kila kaya ilikuwa na zamu yake ya maji. Sasa zamu hazijipangi zenyewe. Mbuzi nao hawajirudishi wenyewe kutoka shamba la mtu. Ndiyo sababu kijiji kilikuwa na halmashauri.

Halmashauri ya Ruvuko ilikaa kila baada ya siku ya gulio, juu ya jiwe pana kando ya ndiva. Mpiga mbiu alikuwa Pimbi. Alipanda mwambani, akavuta pumzi, akalia, "Kikao, kikao, kikao," na sauti yake ikashuka mabonde yote. Wajumbe wakaja, wa miguu miwili na wa miguu minne. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Mrutu, mtu mpole mwenye sauti nzito, ambaye hakupenda kabisa kumuudhi mtu.

Kikao kilikuwa na mwendo wake. Kwanza salamu. Kisha yaliyobaki tangu kikao kilichopita. Kisha mapya. Mwisho kabisa, mengineyo. Na kila jambo likishasemwa, Mzee Mrutu aliuliza vilevile:

"Wajumbe, mmesikia?"

"Tumesikia."

"Lina wa kulipinga?"

"Halina."

"Basi limepita."

Ndivyo walivyokata mambo ya Ruvuko, madogo na makubwa, miaka na miaka.

Katika halmashauri hiyo alikuwamo mwanamke aliyeitwa Namkunda. Kazi yake ilikuwa kugawa zamu za maji. Mumewe alikuwa amefariki zamani, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Nakiete, kwa hiyo kijiji kizima kilimwita Mama Nakiete. Watu walimwamini kwa sababu hakuwa na upendeleo. Hata Mzee Mrutu akichelewa kufungua maji yake, Mama Nakiete alimwambia bila kupepesa, "Mwenyekiti, zamu yako imepita. Subiri nyingine." Na Mwenyekiti alisubiri.

Mwaka mmoja, wakati wa vuli, homa ilipita kijijini ikamchukua Nakiete.

Alikuwa mtoto wa kuanza kubeba kibuyu kidogo, mtoto wa maswali mengi, asiyeogopa giza wala nyoka. Kitu kimoja tu alikiogopa, nacho ni maji ya baridi. Kila asubuhi akiogeshwa alikishika kiuno cha mama yake akisema, "Mama, yapashe kidogo. Mama, yapashe kidogo tu." Na mama yake aliyapasha, hata kuni zikiwa mbichi, hata akiwa amechelewa kazini.

Namkunda alimzika mwanawe kwenye ukingo wa kilima, chini kidogo ya nyumba, akazungushia masale, majani yale marefu wanayopanda penye makaburi. Kila asubuhi alifagia pale, akakaa, akamsimulia habari za kijiji. Nani amepata zamu. Nani amegombana na nani. Kima gani ameiba mahindi ya nani. Kisha alifuta macho kwa pindo la nguo yake, akaenda kugawa maji.

Watu waliendelea kumwita Mama Nakiete. Hawakujua wamwite nani mwingine.

Masika ilipofika, ilifika kwa nguvu. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha, mpaka kipande cha mlima kikaporomoka na kuufunika mfereji uliokwenda kitongoji cha Chini. Mvua ikakatika, jua likatoka, na watu wa Chini wakajikuta hawana hata tone. Desturi ilikataza kuchota kwenye ndiva au kwenye zamu ya mwingine, basi wakaanza kwenda mtoni. Na mto wenyewe ulikuwa mbali, njia ya mawe, kivuli hakuna.

Mzigo huo ulimwangukia zaidi Mama Punda. Yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wa Chini, na yeye ndiye aliyekuwa na mgongo. Alibeba vibuyu vya kaya zote, asubuhi anakwenda, jioni anarudi. Na nyuma yake alimfuata mwanawe mchanga, Teke, aliyeitwa hivyo kwa sababu tangu siku ya kuzaliwa alikuwa akiupiga mateke upepo. Hangeweza kubaki nyumbani, maana alikuwa bado ananyonya.

Pimbi akalia, "Kikao, kikao, kikao."

Wajumbe wakakaa. Wakasalimiana. Wakazungumza habari za mbuzi walioingia kwenye maharage, likapita. Nyuki wakaomba watu wasichome moto karibu na mizinga yao, likapita. Kisha Mzee Mrutu akamwita Mhanga, aliyekuwa mchimbaji wa kijiji, mwenye kucha ndefu na maneno machache.

"Mhanga, tulikutuma utafute njia mpya ya mfereji wa Chini. Umepata nini?"

Mhanga akasimama. "Nimeutembea mlima wote, Mwenyekiti. Juu ya maporomoko, udongo bado unatembea. Chini yake kuna mwamba, kucha zangu haziuwezi. Imebaki njia moja tu ambayo maji yatakubali kuifuata."

Hapo akataka kuketi.

"Sema, Mhanga," alisema Mzee Mrutu. "Tupo kikaoni."

"Inapita kwenye ukingo, nyumbani kwa Mama Nakiete." Mhanga aliangalia chini. "Inapita penye masale."

Ndege waliokuwa wakinywa kwenye ndiva walinyanyua vichwa. Kwa desturi ya Ruvuko, aliyezikwa hakuhamishwa, kwa hiyo kila mmoja alielewa maana yake. Maji yangepita juu ya mtoto.

Namkunda hakuwaza watu wa Chini, hakuwaza mto, hakuwaza chochote kile. Alichosikia kilikuwa sauti moja tu: Mama, yapashe kidogo.

"Mwenyekiti," alisema, "naomba jambo hili lisubiri."

Mzee Mrutu akapumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Wajumbe, mmesikia?"

"Tumesikia."

"Lina wa kulipinga?"

Wote wakamtazama Mama Punda. Mama Punda alikuwa akiitazama mikono ya Namkunda, jinsi ilivyoshika pindo la nguo.

"Halina," alisema Mama Punda.

"Basi lisubiri."

Likasubiri. Maharage yakakomaa, yakavunwa, yakapigwa. Njia ya mtoni ikawa vumbi.

Pimbi akalia tena, "Kikao, kikao, kikao." Wajumbe wakakaa. Wakapanga siku ya kuzoa matope ndani ya ndiva, likapita. Wakakubaliana upana wa njia ya kwenda gulioni, likapita. Ikafika zamu ya mfereji.

Mama Punda akasimama. Mbavu zake zilikuwa zimeanza kuonekana.

"Ndugu zangu," alisema, "mtoni tunafika, lakini tunachelewa. Vibuyu ni vingi na mgongo ni mmoja. Nauliza tu, jambo letu limefika wapi?"

Watu wakaangalia pembeni. Namkunda akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nivumilie. Naomba lisubiri kidogo tu."

"Wajumbe, mmesikia?"

"Tumesikia."

"Lina wa kulipinga?"

Mama Punda akaketi. "Halina," alisema.

"Basi lisubiri. Ila," akaongeza Mzee Mrutu, akiona haya kidogo, "kila kaya ya Juu ipeleke kibuyu kimoja Chini, kuwasaidia wenzetu."

Likapita hilo. Siku za mwanzo vibuyu vilipelekwa vingi. Kisha vikapelekwa vichache. Kisha kila kaya ikadhani jirani yake amepeleka.

Na Namkunda je? Siwafichi. Alijua. Kila asubuhi akiwa anafagia kaburini aliweza kuona, mbali kule chini, vumbi la Mama Punda likienda mtoni, na nyuma yake vumbi dogo. Aliliona, akageuza uso, akaendelea kufagia. Alimsimulia Nakiete habari zote za kijiji, ila hiyo hakumsimulia.

Kiangazi kikakaza. Majani ya mgomba yakajikunja. Pimbi akalia mara ya tatu, "Kikao, kikao, kikao."

Safari hii Mama Punda hakungoja kuulizwa.

"Mimi nalipinga," alisema. "Nalipinga kabla halijasemwa. Maziwa yangu yanakauka. Mtoto anavuta, hapati. Mama Nakiete, nakuonea huruma tangu vuli, na Mungu anajua. Lakini wako anapumzika na wangu anatembea."

Maneno hayo yalimchoma Namkunda, na kwa kuwa yalimchoma, akakasirika. Huzuni ikikaa na mtu muda mrefu huanza kusema kwa mdomo wake.

"Kwa hiyo mnataka nichukue jembe nimchimbe mwanangu," alisema. "Semeni basi. Nani atakuwa wa kwanza? Wewe, Mwenyekiti? Wewe, Mhanga?"

Kila mmoja alikuwapo siku ya maziko. Kila mmoja alikuwa amebeba udongo kwa kiganja chake.

"Wajumbe, mmesikia?" aliuliza Mzee Mrutu polepole.

"Tumesikia."

"Anayepinga ni nani zaidi ya Mama Punda?"

Hapakuwa na mwingine.

"Basi," alisema Mzee Mrutu, na safari hii hakupumua kama aliyetuliwa mzigo, "lisubiri."

Mama Punda akateremka zake. Hakugeuka nyuma.

Likaja gulio, likapita, na kikao kikakaa kama kawaida. Mambo yalikuwa madogo madogo siku hiyo. Boma la mtu limebomoka. Kanga wanaomba ruhusa ya kulala kwenye ghala bovu. Mama Punda aliketi mwisho kabisa wa jiwe, ametulia, na watu walifurahi kimoyomoyo kwamba hakuulizia mfereji.

"Mengineyo," alisema Mzee Mrutu. "Kuna mwenye mengineyo?"

"Ninalo," alisema Mama Punda.

"Karibu, mama."

"Naomba watu wawili watatu wenye nguvu. Na Mhanga, kama ana nafasi. Nina kaburi la kuchimba na ardhi ya kwetu imekuwa jiwe. Nimejaribu kwa kwato, nimeshindwa."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mzee Mrutu akauliza, "Kaburi la nani, mama?"

"La Teke."

Akawaeleza kwa sauti ileile, kama mjumbe anayetoa taarifa ya shamba. Walikuwa wanarudi kutoka mtoni, jua la utosi. Mtoto alisimama njiani. Mama akamwambia, twende. Akatembea kidogo, akasimama tena. Akamwambia, twende, baba, tunafika. Akatembea kidogo. Mara ya tatu hakusimama, alilala. "Nilikuwa na vibuyu mgongoni, vimejaa," alisema Mama Punda. "Vilikuwa vimefungwa kwa kamba, na mimi sina mikono. Nilizunguka nikitafuta mtu wa kunifungulia nimnyweshe. Hapakuwa na mtu. Mwisho nilijitupa chini, vibuyu vikapasuka, maji yakaingia ardhini yote. Na yeye alikuwa amekwisha."

Upepo ulipita juu ya ndiva, maji yakajikunja kidogo, yakatulia.

"Basi ndilo ombi langu," alisema Mama Punda.

Mzee Mrutu alijaribu kuuliza kama wajumbe wamesikia. Akaishia kwenye "Wajumbe." Namkunda akasimama, akasema, "Nitakwenda mimi."

Wakateremka, Mhanga, Namkunda na wanaume wawili wa Juu. Tangu masika Namkunda alikuwa hajakanyaga Chini. Aliona mashamba meupe kama majivu. Aliona mama mmoja akimpangusa mtoto uso kwa jani badala ya kumnawisha. Wakafika nyuma ya zizi la Mama Punda, na Teke alikuwa amelazwa pale, amefunikwa majani makavu, kwato zake ndogo zikiwa nje.

Namkunda akanyanyua jembe, akapiga. Jembe likaruka. Akapiga tena, likaruka. Mhanga naye alikwaruza mpaka kucha zikatoa damu. Walishinda pale kutwa nzima. Mikono ya Namkunda ilitoka malengelenge, yakapasuka, akaendelea. Hakutaka kumpa mtu jembe lile.

Mama Punda alisimama kando akiwatazama. Kuna wakati akasema, siyo kwa hasira, kama anayefikiri tu:

"Wako amelala penye udongo laini."

Namkunda akapiga tena.

Walipomaliza, shimo lilikuwa fupi. Wakamzika Teke amekunjwa miguu, yeye aliyekuwa hatulii miguu.

Asubuhi iliyofuata Namkunda hakufagia kaburini. Alikaa tu, akaweka viganja vyake vilivyochunika juu ya udongo.

"Nakiete," alisema, "leo nina habari niliyokuwa nakuficha." Akamsimulia. Akamsimulia vumbi kubwa na vumbi dogo. Akamsimulia vibuyu vilivyofungwa. "Nilikuwa nakulinda wewe," alisema, "na kumbe wewe hakuna cha kukupata tena." Akalia pale mpaka jua likapanda. Kisha akaenda mwambani kwa Pimbi.

"Pimbi, piga mbiu."

"Gulio bado, Mama Nakiete."

"Piga."

Pimbi akamtazama usoni, akalia, "Kikao, kikao, kikao."

Wakaja wakihema, wengine na majembe mkononi. Namkunda alisimama mbele yao.

"Mfereji uchimbwe," alisema. "Nimesubirisha jambo hili mara tatu, na mtoto wa mwenzangu amekufa. Nimeua."

"Hapana," alisema Mzee Mrutu. Akainuka taratibu kutoka kwenye kiti chake. "Wewe uliomba tu, Mama Nakiete. Mwenye msiba huomba lolote. Aliyesema lisubiri ni mimi. Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka kukuona ukilia mbele yangu. Niliona bora watu wa Chini walie mahali ambapo siwasikii." Akawageukia wajumbe. "Na ninyi mlikubali. Tumeua sote."

Mhanga akasema, "Nitaupindisha mfereji kadiri utakavyokubali. Kichwani usipite, wala kifuani. Utapita miguuni."

"Sehemu ya miguuni msiiguse," alisema Namkunda. "Hiyo nitaichimba mimi."

"Wajumbe, mmesikia?"

"Tumesikia."

"Lina wa kulipinga?"

Halikuwa na wa kulipinga.

Wakachimba. Juu wakaanzia kwenye ndiva, Chini wakaanzia mashambani, watu kwa majembe, wanyama kwa kwato na kucha, wakasogea, wakasogea, wakasogea, mpaka pande zote mbili zikafika penye masale na kusimama. Kisha wakarudi nyuma, wakakaa mbali, wakamwacha.

Namkunda akaingia na jembe fupi. Alichimba kwa upole, kama mtu anayetafuta kiazi asikikate. Hakwenda chini sana. Halafu akaenda bondeni kwa miguu kuchukua mawe bapa, akayabeba kichwani moja moja, akayapanga ndani ya mfereji, jiwe likikumbatia jiwe, na kila mwanya akauziba kwa udongo wa mfinyanzi. Watu walitaka kumsaidia kubeba. Akakataa kwa kichwa. Alifanya kazi hiyo siku nyingi. Alipomaliza, pale miguuni mwa Nakiete palikuwa na njia ya mawe ambayo tone lisingeweza kupenya.

Kikao kikakaa kupanga siku ya kufungua maji. Kwa desturi maji yalifunguliwa alfajiri.

"Nina ombi," alisema Namkunda. "Maji ya Chini yasifunguliwe alfajiri. Yafunguliwe mchana, jua likiwa limekwisha kuyapiga."

"Kwa nini, mama?" aliuliza mjumbe mmoja. "Mchana mengi yatakauka njiani."

Namkunda akasema, "Yawe yamepata joto kidogo."

Aliyeuliza akainamisha kichwa. Kila mama pale kikaoni alikuwa amewahi kumsikia Nakiete akilia akiogeshwa.

Wakamtazama Mama Punda, kwa kuwa maji yalikuwa ya Chini. Mama Punda alifikiri. "Mchana sawa," alisema. "Maji yakifika, hatutauliza saa."

Likapita.

Siku ikafika. Jua liliposimama utosini, Mzee Mrutu akavuta gogo lililoziba mdomo wa ndiva, maji yakatoka. Namkunda alikuwa amepiga magoti penye masale. Aliyasikia kabla hajayaona. Yakaja yakisukuma vumbi na majani makavu, yakaingia kwenye mawe yake, yakapita. Akatia mkono. Yalikuwa ya uvuguvugu. Akauacha mkono mle ndani, maji yakipita katikati ya vidole, mpaka kutoka mbali, kule chini, akasikia watu wakipiga vigelegele.

Yeye hakupiga. Na kule Chini, nyuma ya zizi, Mama Punda naye alisikia vigelegele akiwa amesimama penye kaburi fupi. Maji yalipofika mlangoni kwake hakuyanywa siku hiyo, wala siku ya pili. Siku ya tatu kiu ilimshinda, akanywa.

Mambo ya kijiji yakaendelea. Mbuzi wakaingia mashambani, wakatolewa. Boma likajengwa. Masika nyingine ikaja, ikapita. Namkunda aliendelea kugawa zamu, na hakuna aliyemsikia tena akiomba jambo lisubiri. Lakini alikonda. Kila mchana maji yalipopita chini ya nyumba yake aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza mpaka yaishe, na yakiisha nyumba ilibaki kubwa kuliko alivyoweza kuijaza.

Basi siku moja, kikao kilipofika kwenye mengineyo, Namkunda alisimama.

"Naomba kiwanja," alisema.

Mzee Mrutu alishangaa. "Una nyumba, Mama Nakiete. Nyumba nzuri. Kiwanja wapi?"

"Chini."

Wajumbe wakatazamana. Tangu kijiji kianzishwe, watu walikuwa wakiomba kutoka Chini kuja Juu. Hapakuwa na aliyewahi kuomba kushuka.

"Maji yanayopita kwa mwanangu yanakwenda kule," alisema Namkunda. "Nataka kukaa yanakoishia."

"Wajumbe, mmesikia?"

"Tumesikia."

"Lina wa kulipinga?"

Wote wakamgeukia Mama Punda. Mama Punda alikuwa ameinama, masikio yake yakiwa yamelala. Kisha akanyanyua kichwa, akamtazama Namkunda moja kwa moja.

"Mimi sijakusamehe," alisema.

"Najua, dada."

"Na sijui kama nitakusamehe."

"Najua."

Mama Punda akashusha pumzi. "Kando ya kwangu kuna kiwanja," alisema. "Kina mawe mengi, lakini kipo."

Mzee Mrutu alingoja kuona kama kuna mwenye neno lingine. "Basi limepita," alisema.

Siku ya kuhama, Mama Punda ndiye aliyepanda Juu kumchukulia mizigo. Namkunda akamfungia mgongoni vyungu, mkeka na jiwe la kusagia, akazikaza kamba vizuri zisimchubue. Wakateremka, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakiufuata mfereji.

Na hadithi yangu nayo inaishia papo hapo, njiani pamoja nao. Anayetaka kuwafuata awafuate. Mimi nafunika moto.